Je, wajua yai la Marchantia halitokani na meyosisi?

Kandokando ya mifereji ya Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, udongo uliolowa hauchukui muda kuvaa kijani. Baadhi ya kijani hicho ni livawoti, mimea bapa inayotambaa, isiyo na mizizi ya kweli wala maua. Wengi huikanyaga wakidhani ni ukoga. Zinazofahamika zaidi maabara ni za jenasi Marchantia, ambazo wakati wa kuzaa husimamisha vijiti vyenye miavuli midogo. Mwavuli wenye vidole ni wa kike, na chini yake ndiko mayai yaliko.

Muulize mwanafunzi wa Kidato cha Sita mayai hayo yametokana na nini, atakujibu papo hapo: meyosisi, ule mgawanyiko wa seli unaopunguza kromosomu, nyuzi zinazobeba urithi, kuwa nusu. Kwa binadamu na ng'ombe amepata. Kwa livawoti amekosa, tena amekosa vibaya, kwa sababu hakuna cha kupunguza. Mmea mzima tunaouona una seti moja tu ya kromosomu. Kwa Marchantia polymorpha ni kromosomu 9. Yai lake hutengenezwa kwa mitosisi, mgawanyiko uleule wa kawaida unaorefusha mwili wa mmea, na hubaki na 9 zake.

Meyosisi ipo, ila zamu yake huja baadaye. Mbegu ya kiume ikishaungana na yai, hukua kijifuko chenye kromosomu 18 ambacho hakiachani na mmea mama bali hulishwa nao. Humo ndani ndimo kromosomu hupunguzwa, na kinachotoka si mayai bali ni spora, chembe ndogo za uzazi zinazoota bila kuungana na nyingine. Sisi hupunguza kwanza ndipo tuungane. Livawoti huungana kwanza. Mpango huu wa vizazi viwili vinavyopokezana ulielezwa na Mjerumani Wilhelm Hofmeister mwaka 1851, na kuvumwani na kangaga nao huufuata. Na kabla hujasema ni vituko vya mimea duni, tazama mahindi ya Mbozi: hata humo meyosisi haitoi yai moja kwa moja. Hutoa spora, na kiini cha spora, yaani sehemu ya seli inayobeba kromosomu, hugawanyika kwa mitosisi mara tatu kwanza.

Kazi yenyewe inapendeza zaidi chini ya hadubini. Kila yai lina chumba chake, arkegonia, chenye umbo la kibuyu cha shingo ndefu, na kwa Marchantia kibuyu hicho huning'inia mdomo ukitazama chini. Ukikata shingo kwa upana utahesabu seli sita zilizozunguka mfereji. Ndani ya mfereji zimepangana seli nyingine, moja juu ya moja, kama kizibo. Tumboni mna seli moja kubwa, nayo hugawanyika mara ya mwisho bila usawa: ndogo huelekea shingoni, kubwa hubaki ndani. Kubwa ndiyo yai. Ndogo hufa pamoja na zile za shingoni, zote zikageuka ute. Maji yakiingia, ute hufura na kuusukuma mdomo ufunguke, na mbegu za kiume zenye mikia miwili huogelea humohumo hadi tumboni. Kizibo kimegeuka njia.

Hadubini ya elektroni ilileta ubishi wake. Mwaka 1964 watafiti Bell na Mühlethaler walichunguza mayai ya Pteridium aquilinum, kangaga lile linalotapakaa kwenye malisho yaliyoungua ya nyanda za juu. Waliona kiini cha seli ya yai kikichomoza vipande vyake nje, wakahitimisha kwamba mitokondria za zamani, vile viungo vidogo vinavyoipa seli nishati, hufa na mpya hutoka kwenye kiini. Lilikuwa dai zito. Mwaka 1966 mtafiti mwingine, Diers, alifuatilia livawoti iitwayo Sphaerocarpos donnellii hatua kwa hatua, na humo mitokondria na plastidi, viungo vidogo vya seli ya mmea ambamo hukaa rangi ya kijani, hazikufa; ziliendelea kuwepo mpaka yai likakomaa. Leo biolojia inakubali kwamba mitokondria huzaliwa na mitokondria tu. Ile michomozo ya kiini cha kangaga, hata hivyo, si njozi. Inaonekana wazi kwenye picha. Kilichoanguka ni maelezo ya kazi yake.