Kipimo cha damu cha kansa ya mapafu: msikimbilie kulipa

Tangu ujumbe unaodai kwamba damu peke yake inaonyesha kansa ya mapafu uanze kuzunguka kwenye WhatsApp hapa Lubumbashi, watu wanafika kwenye dirisha letu la maabara wakiomba kipimo cha damu cha kansa ya mapafu. Wengine wamekwisha kulipia kwingine na karatasi wanayo mkononi: ACE, protini ya damu inayohusishwa na kansa, imepanda kidogo, na nyumbani vilio vimeanza.

ACE hupanda hata kwa mvuta sigara asiye na kansa, na kwa mwenye ini bovu. Mwenye kansa changa ya pafu naye anaweza kuwa na ACE ya kawaida kabisa. Daktari huiagiza ili kumfuatilia mgonjwa ambaye ugonjwa wake umekwisha kujulikana.

Utafiti wa kweli upo. Uvimbe wa kansa huachia vipande vya DNA yake ndani ya damu, na mwaka 2016 Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha damu kinachotafuta hitilafu ya jeni ya EGFR kwenye vipande hivyo. Kiliidhinishwa kwa mgonjwa aliyekwisha kuthibitishwa kuwa na kansa ya pafu, ili achaguliwe dawa. Sentensi hiyo ndiyo kila mtu anairuka. Uvimbe mchanga huachia vipande vichache mno, pengine tyubu nzima isiwe na hata kimoja. Kule Scotland walijaribu njia nyingine, ya kutafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza dhidi ya uvimbe, kwa watu zaidi ya 12,000 walio hatarini. Kati ya waliopimwa, karibu mmoja katika kumi aliambiwa damu yake ina dalili, akapelekwa kwenye skana. Walio wengi kati ya hao hawakukutwa na kansa ndani ya miaka miwili.

Sasa tyubu zenyewe, maana malalamiko mengi yanatoka hapa. Damu ya kutafutia DNA ikiwekwa kwenye tyubu ya kawaida ya kifuniko cha zambarau, lazima izungushwe kwenye mashine ndani ya saa chache. Ikichelewa, chembe nyeupe hupasuka na DNA yake huifunika ile ya uvimbe. Baada ya hapo plazima, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, inatengwa, inazungushwa tena kwa kasi zaidi, ndipo inagandishwa. NSE, protini nyingine inayopimwa kwenye damu kwa kansa ya mapafu, nayo imo ndani ya chembe nyekundu: tyubu ikirushwarushwa kwenye pikipiki kutoka Katuba, chembe zinapasuka, majimaji yanageuka mekundu na kipimo kinapanda bila kansa yoyote. Tyubu ya namna hiyo tunaikataa. Isiyo na jina tunaikataa. Isiyo na saa ya kutolewa damu tunaikataa pia, na mgonjwa atarudi kutolewa nyingine. Kumgombeza binti wa mapokezi hakubadilishi kitu.

Ukikohoa zaidi ya wiki mbili, peleka makohozi kwenye kituo cha afya, yapimwe kifua kikuu kwanza. Makohozi, si damu: tangu 2011 Shirika la Afya Duniani limekataza vile vipimo vya kingamwili za damu vilivyokuwa vikiuzwa kwa ajili ya kifua kikuu, kwa sababu vilidanganya pande zote mbili. Makohozi yakiwa safi na kikohozi kikabaki, au ukitema damu, au umemaliza dawa za kifua kikuu na bado unakonda, omba radio ya kifua, yaani picha ya eksirei. Kivuli kikionekana, daktari ataagiza skana, kisha kipande cha nyama ya pafu kitolewe kikaangaliwe kwa hadubini. Hapo ndipo kansa inathibitishwa. Ni ghali na inaogopesha, ninalijua hilo, lakini hakuna karatasi ya maabara inayoshika nafasi yake.

Mliofanya kazi migodini Likasi au Kolwezi, semeni hivyo kwa daktari hata asipouliza. Vumbi la silika husababisha kansa ya mapafu, na kwa mvuta sigara hatari inazidi. Leteni pia filamu zote za radio za zamani, hata zilizokunjika, kwa maana kivuli ambacho hakijabadilika miaka mitano na kile kilichoota mwaka huu havifuatiliwi kwa namna moja.