Maana ya kurekebisha kiti cha magurudumu katika jamii

Kurekebisha kiti cha magurudumu si sawa na kukitengeneza kilipoharibika. Fundi anayeziba tairi hukirudisha kiti katika hali yake ya awali. Anayekirekebisha hukibadilisha ili kilingane na mwili wa anayekikalia, nyumba anayoishi na njia anayopita. Kwa hiyo mafunzo ya urekebishaji katika jamii ni utaratibu wa kumpa mzee anayetumia kiti hicho, pamoja na wanaomhudumia, ujuzi wa kutambua kiti kisichofaa na kukiweka sawa mapema, badala ya kuvumilia maumivu hadi mtaalamu apatikane.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2008 kuhusu viti vinavyosukumwa kwa mkono, lilihesabu kumfundisha mtumiaji kuwa mojawapo ya hatua 8 za huduma. Kwa wazee hatua hiyo haiishi siku kiti kinapokabidhiwa, maana kiti kilichopimwa vizuri mwaka jana huweza kutomfaa mtu yuleyule leo: nyama za makalio zimepungua, mgongo umepinda, na mikono haina tena nguvu ya kusukuma.

Somo kubwa ni kupima, na mkono mtupu hutosha. Mzee akikaa wima, kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole viwili hivi. Kiti kikiwa kirefu kuliko paja, mzee huteleza mbele ili goti lisibanwe, na wanaomtazama hudhani hataki tu kukaa vizuri. Mahali pa kukanyagia pakiwa juu mno, mapaja huinuka na uzito huelemea mifupa miwili ya makalio, ambako vidonda huanzia. Mhudumu hujifunza kupenyeza vidole kati ya mto na mfupa huo: ncha zikiweza kuchezacheza, mto unafaa; zikibanwa hata kuzichomoa ni kazi, mto huo usiendelee kukaliwa. Hapo mzee huulizwa pia, kwani mkono wa mhudumu hauhisi yote, ingawa wapo wazee waliopoteza hisia katika makalio, na kwao ngozi lazima ikaguliwe kila siku.

Mengine ni mepesi. Breki za viti vingi hulibana tairi lenyewe, kwa hiyo tairi likipungua upepo breki nayo hailishiki sawasawa.

Mafunzo mazuri huonyesha pia mipaka. Kusogeza magurudumu makubwa mbele hufanya kiti kiwe chepesi kusukuma, lakini hukirahisishia kupinduka nyuma, na hatari huzidi kwa aliyekatwa miguu, kwa kuwa uzito uliokuwa ukikizuia mbele haupo tena. Spana ya kulegeza ekseli, yaani chuma ambacho gurudumu huzungukia, huenda ipo nyumbani. Marekebisho hayo, hata hivyo, yafanywe mbele ya mtu aliyesomea kazi hiyo.