Kopo la kimea, hamira na joto la Tabora: majibu kwa anayeanza kupika bia nyumbani

“Nimefuata maelekezo ya kopo neno kwa neno, mbona bia inanuka tina ya kuyeyushia rangi?”

Swali hilo nimeulizwa na kijana wa Ipuli, nimeulizwa na mwalimu wa Urambo, na kabla yao nilijiuliza mwenyewe, nimesimama jikoni kwangu hapa Tabora na glasi mkononi. Nilisomea sayansi ya chakula, kazi yangu ya kila siku ni kuchuja na kupima asali, na bia napika nyumbani mwaka wa tisa sasa. Maelekezo ya kopo ni sahihi, ila yaliandikwa kwa ajili ya mtu ambaye chumba chake kina nyuzi 18. Chumba chako mwezi wa kumi kina nyuzi 30.

Tuanze na kilichomo ndani ya kopo. Ni kimea, kitu kilekile wanachokijua mama na bibi zetu wanaopika pombe ya mtama na ulezi, tofauti ni nafaka tu: kule ni shayiri. Kiwandani shayiri ililowekwa ikaota, ikakaushwa, ikasagwa, ikachanganywa na maji ya moto ya nyuzi 65 hivi ili wanga wake ugeuke sukari. Maji yale matamu yakachujwa na kupunguzwa mpaka yakawa mazito kama asali ya mwezi wa saba asubuhi. Ukiyazimua unapata kitu chenye utamu wa togwa, ila hakina unga na kina uchungu. Uchungu huo unatoka kwenye hopsi, ua la mmea unaotambaa, ambao kwetu karibu na ikweta hausitawi vizuri kwa sababu unahitaji siku ndefu za kiangazi cha kaskazini au kusini ya mbali.

Kopo la kawaida lina kilo 1.7 na hutoa lita 23. Hopsi imeshachemshwa humo, kwa hiyo huna haja ya kuchemsha saa nzima. Unayeyusha rojo lile kwenye lita mbili tatu za maji ya moto, unatia sukari, unajaziliza kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, kisha hamira. Anayechemsha saa nzima ni yule aliyenunua kimea kitupu kisicho na hopsi, maana uchungu hautoki bila kuchemka. Hapa kwetu, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 badala ya 100. Usihangaike nalo, saa ileile inatosha.

Makopo haya yalishamiri Uingereza baada ya mwaka 1963, serikali ilipofuta sharti la leseni kwa mtu anayepika bia ya kunywa nyumbani kwake. Marekani ilifuata mwaka 1978, Rais Jimmy Carter aliposaini sheria iliyoruhusu jambo hilohilo. Nayasema haya ili uelewe karatasi iliyo chini ya mfuniko inazungumza na nani. Inasema “weka ndoo mahali penye joto”. Ukiitii Tabora umekwisha.

Hamira ni kiumbe hai. Inakula sukari, inatoa kileo na gesi, na wakati inakula inatoa joto. Ndoo ya lita 23 iliyochangamka inaweza kuzidi joto la chumba kwa nyuzi 3 hadi 5. Chumba kikiwa na 28, ndani ya ndoo kuna 32. Hamira nyingi za bia ya kawaida zinataka 18 hadi 22. Zikipashwa kupita hapo zinakula kwa pupa na kutoa vitu ambavyo hazikupaswa kuvitoa: harufu ya tina au rangi ya kucha, ladha ya ndizi iliyoiva mno, na vileo vizito vinavyochoma koo na kukuachia kichwa kinachogonga kesho yake. Yote hayo hutokea ndani ya siku tatu za mwanzo. Ukiipoza siku ya nne umechelewa, harufu imeshaingia.

Mtu wa kwanza kunionyesha kosa langu hakuwa na kipimajoto. Ni bibi mmoja wa mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora, anayepika pombe ya mtama tangu ujana wake. Alikuja kuchukua asali, akaiona ndoo imefunikwa blanketi, kwa sababu karatasi ilisema nitunze joto. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni bia. Akalifunua blanketi, akaweka mgongo wa kiganja ubavuni mwa ndoo kama anavyopimwa mtoto, akakiacha pale kwa muda. “Hii ina homa, mwanangu,” akasema. “Ivue nguo, uiogeshe.”

Ndivyo ninavyofanya mpaka leo. Ndoo inakaa ndani ya beseni kubwa lenye maji ya kina cha shubiri moja, na juu yake navisha fulana ya zamani ya pamba ambayo pindo lake limezama majini. Maji yanapanda kwenye kitambaa, upepo unayakausha, na ndoo inapoa kwa njia ileile inayopoza maji ya mtungi. Kiangazi, hewa ya Tabora ikiwa kavu, njia hii inanishushia nyuzi 4 hadi 6, zaidi nikiwasha feni. Masika, kuanzia mwezi wa kumi na moja, hewa inajaa unyevu na fulana haikauki. Hapo nazamisha kwenye beseni chupa za maji yaliyoganda, asubuhi mbili na jioni mbili. Umeme ukikatika sipati hofu, maji mengi kiasi hicho hayapandi joto upesi. Kipimajoto nakibandika ubavuni mwa ndoo chini ya kitambaa. Cha ukutani hakikwambii kitu.

Anayeanza, ningemshauri aanze mwezi wa sita au wa saba. Usiku wa Tabora wakati huo una baridi ya kutosha kukufanyia nusu ya kazi. Ndugu wa Kigoma mjini, mlio chini zaidi kando ya Ziwa Tanganyika, usiku wenu haupoi kama wetu, na beseni ni lazima mwaka mzima.

Njia ya pili ni kubadilisha hamira badala ya kupambana na hewa. Wakulima wa magharibi ya Norway wana hamira zao za kienyeji ziitwazo kveik, ambazo walizitunza kwa vizazi kwa kuzikausha juu ya vipande vya mti vilivyochongwa, na kugawiana jirani kwa jirani. Baadhi yake hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 30 hadi 40 bila kutoa ile harufu ya tina. Siku hizi zinauzwa zimekaushwa kwenye pakiti. Kwa mwezi wa kumi wa Tabora sijaona kitu kinachoifikia.

“Hamira ya mandazi je?” Itafanya kazi. Ni jamii ileile, Saccharomyces cerevisiae, na bia itapatikana. Lakini ilichaguliwa kwa ajili ya kuumua unga, si kwa ajili ya kutulia chini, kwa hiyo bia inabaki na ukungu na ladha ya mkate mbichi. Itumie ukikwama tu. Jambo ambalo watu hawaliulizi, na wangepaswa kuliuliza, ni pakiti ya hamira imesafiri vipi. Kopo limetoka Dar kwenye buti la basi, limekaa dukani chini ya bati, na hamira yake ya gramu 5 hadi 7 iko palepale chini ya mfuniko. Kimea kinavumilia, hamira haivumilii. Kabla hujaimwaga kwenye ndoo, iweke kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupoa hadi yawe vuguvugu, nyuzi 30 hadi 35, na chembe ya sukari. Baada ya robo saa ikiwa haijatoa povu, imekufa. Nina desturi ya kuweka pakiti ya akiba kwenye friji.

Na yule anayelalamika kwamba bia yake haifanani na Safari au Kilimanjaro: hizo ni laga. Hamira ya laga hufanya kazi kwenye nyuzi 8 hadi 13 kisha bia inalazwa kwenye baridi kwa wiki kadhaa. Bila friji ya kuitengea kazi hiyo, huwezi. Na makopo mengi yaliyoandikwa laga huwa na pakiti ya hamira ya kawaida chini ya mfuniko, kwa hiyo jina lisikuchanganye.

Sasa sukari, ambapo Tabora tuna bahati. Maelekezo yanasema tia kilo moja. Sukari nyeupe inaisha yote tumboni mwa hamira, inaongeza kileo na kuacha bia nyepesi isiyo na mwili. Ukiweza, tia kopo la pili la kimea badala yake. Usipoweza, tia asali ya miombo. Asali ina maji karibu asilimia 17 au 18, kwa hiyo kilo 1.2 inasimama mahali pa kilo moja ya sukari. Nayo inaliwa karibu yote, usitarajie utamu, ila harufu ya maua inabaki endapo hukuichemsha. Naitia moto umeshazimwa na sufuria imeanza kupoa. Chagua asali isiyo na moshi. Iliyorinwa kwa moshi mwingi itautoa wote kwenye glasi, na hakuna wa kuuondoa.

Usafi nitausema kwa ufupi kwa kuwa kila mtu anakubali ni muhimu, kisha anakoroga kwa mwiko wa togwa. Usifanye hivyo. Togwa na pombe zetu zinataka ule uchachu unaoletwa na bakteria, na mwiko wa mti umewahifadhi kwenye nyufa zake. Bia ya kopo haiwataki. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, kwenye maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, alifaulu kuitenga hamira ya aina moja peke yake, na bia ya aina hii imejengwa juu ya kazi hiyo: hamira moja, bila wageni. Tumia kijiko cha chuma na ndoo mpya ya chakula isiyo na mikwaruzo. Osha, kisha loweka kwa maji yenye jiki, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, dakika 20, na usuuze mara mbili kwa maji yaliyochemshwa. Klorini ikibaki inaipa bia ladha ya dawa ya hospitali. Ndiyo sababu maji ya bomba pia nayachemsha jana yake.

“Mapovu yamekoma, nifunge chupani?” Hapana. Hapa naomba usome polepole.

Mwaka wangu wa kwanza niliona mapovu yamekoma siku ya tano, nikajaza chupa ishirini na kitu, nikazipanga chini ya meza. Usiku wa nane nilisikia mlio kama wa bati lililopigwa jiwe, halafu mwingine. Asubuhi nilikuta kipande cha kioo kimechoma mlango wa mbao, kwenye kimo cha uso wa mwanangu. Hamira ilikuwa imelala tu kwa baridi ya usiku. Sukari ilikuwa bado ipo, na chupani ikaamka.

Mapovu si kipimo. Kipimo ni haidromita, kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa kimiminika ukilinganishwa na maji matupu, ambayo husoma 1.000; sukari ikiwa nyingi, namba inapanda. Maji ya kimea kabla ya hamira husoma kama 1.040, na yakishaliwa hushuka hadi karibu 1.010. Pima, subiri siku tatu, pima tena. Namba zikilingana na ziko chini, imeiva. Zikilingana juu, tuseme 1.020, hamira imekwama: itikise ndoo taratibu na uiache ipate joto kidogo. Haidromita nyingi zimepangwa kwa nyuzi 20, kwa hiyo kama sampuli yako ina 30, ongeza 0.002 au 0.003 juu ya ulichosoma. Ukitaka kujua kileo, toa namba ya mwisho kwenye ya mwanzo, zidisha kwa 131: hapo juu inakuja asilimia 3.9.

Gesi ya chupani inatokana na sukari ndogo unayoiongeza mwishoni, gramu 6 kwa lita. Chupa ya nusu lita ni gramu 3, haifiki kijiko cha chai kilicho sawasawa. Anayeanza atumie chupa za plastiki za soda: zikiwa ngumu kama jiwe ukizibonyeza, gesi imejaa, zipeleke kwenye baridi. Za maji ya kunywa ni nyembamba, haziwezi. Ukitumia kioo kiwe cha bia, cha kahawia, maana mwanga unaiharibu hopsi.

Kuna mama aliniuliza kwa sauti ya chini kama bia ya nyumbani inaweza kumpofusha mumewe. Kimea kilichochachushwa hakitoi ile sumu ya methanoli kwa kiasi cha kudhuru. Hatari iko kwenye vinywaji vya kukeneka, yaani vya kuchemsha na kukusanya mvuke, na vile vilivyochanganywa na spiriti, na gongo limekatazwa na sheria. Usikeneke. Na kama unawaza kuuza, hata chupa moja, nenda kwanza halmashauri ukaulize leseni.

Yule bibi wa Ng'ambo nilimpelekea glasi ya bia ya kveik na asali, mwezi wa kumi uliopita. Alikunywa nusu, akasema ni kali kidogo kwa uchungu lakini haina homa. Kisha akaniuliza mashapo yaliyobaki chini ya ndoo nimeyapeleka wapi. Nilikuwa sijayamwaga. Akaondoka nayo kwenye kikombe kilichofunikwa kwa sahani, akayachanganye na pombe yake ya Jumamosi.