Skuta, Mteremko na Krismasi ya Uchagani: Dhana Potofu na Ukweli

Ikifika wiki ya tatu ya Desemba, kila anayejua kwamba kwetu ni Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ananiuliza swali lile lile: skuta itapanda? Wengi hufika Moshi kwa basi, wakaazima skuta ya ndugu, kisha wakataka kuzungukia mashangazi, wajomba na wakwe bila kugombania Hiace zilizoshona. Ni mpango mzuri, na mimi mwenyewe nimeufuata miaka kadhaa: Himo, Marangu Mtoni, Mwika, hadi Mkuu Rombo kwa mama mkubwa. Ila hakuna aliyewahi kuniuliza itashukaje. Na mteremkoni ndiko tunakoumia.

"Skuta ni ya mjini, mlima hauwezi"

Unauweza. Skuta nyingi zinazouzwa kwetu zina injini ya cc 110 hadi 125. Hazina gia za kukanyaga. Ndani kuna mkanda unaozunguka kwenye puli mbili. Puli hizo hubana na kuachia zenyewe kadiri mzigo unavyoongezeka, kwa hiyo mlimani skuta hujipa nguvu ya gia ndogo bila wewe kufanya lolote. Hewa nyepesi ya juu nayo watu huiogopa bure. Injini ya kawaida hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Moshi mjini iko mita 800 na ushei juu ya usawa wa bahari, na vijiji vingi vya Marangu viko kwenye 1,400 hivi. Utaona imezubaa kidogo, basi.

Inayoshindwa kweli ni ya cc 50, au yoyote iliyopakizwa mshikaki wa watu watatu na kiroba cha mchele miguuni. Ukisikia harufu ya mpira unaoungua wakati wa kupanda, huo ni mkanda unateleza. Simama uipumzishe, na ukirudi mjini mwonyeshe fundi.

"Kushuka hakuna kazi, unaachia tu"

Hapa nitakaa kidogo, maana nilijifunza kwa kuogopa.

Ilikuwa tarehe 26 Desemba, saa tisa alasiri, natoka Marangu kurudi Himo na skuta ya mdogo wangu. Barabara ni ya lami, imejaa kona, na upande mmoja mara nyingi kuna korongo. Nilikuwa nimeambiwa tangu utotoni kwamba breki ya mbele inarusha mtu, basi nikawa naibana ya nyuma peke yake, kwa mkono wa kushoto, bila kuiachia. Katikati ya mteremko mkono wa breki ukaanza kuingia ndani zaidi kila nikiubana. Mara nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Mara nikaubana hadi ukagusa mpini, na skuta bado inaongeza mwendo. Kilichoniokoa ni njia ya udongo upande wa juu, inayopandisha kuingia migombani. Nikakata huko, skuta ikaishiwa mwendo yenyewe. Nilikaa chini ya mgomba hadi miguu ilipoacha kutetemeka.

Kilichotokea kinaelezeka. Pikipiki ya gia ukiiweka gia ya pili mteremkoni, injini huizuia. Skuta ina klachi inayoshika injini ikizunguka kwa kasi ya kutosha tu. Ukifunga mafuta kabisa, yaani ukiachia mpini wa kuongeza mwendo, na mwendo ukiwa mdogo, klachi huachia, na tangu hapo unateleza kama baiskeli yenye uzito wa kilo mia na zaidi. Kazi yote inaangukia breki. Skuta nyingi zina breki ya dramu nyuma, ambayo hufungiwa ndani na haipati upepo wa kutosha. Ukiibana mfululizo hupata moto, na ikipata moto hupoteza mshiko. Breki ya diski hupoa haraka zaidi, lakini nayo ina lake: mafuta ya breki hunyonya unyevu kidogo kidogo, na yakizeeka huchemka mapema, mkono ukawa laini kama umebana sifongo. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi hata kama skuta haitembei sana. Kabla ya Krismasi ndio wakati wake.

Namna ya kushuka ni hii. Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka. Bana breki zote mbili kwa nguvu kiasi, kwa muda mfupi, kisha achia zipumue; rudia hivyo, usizishikilie. Mwendo ukiwa mdogo, fungua mafuta kidogo sana, kiasi cha klachi kuendelea kushika, nawe utahisi injini inakuzuia. Na ukisikia harufu, simama pembeni robo saa. Usimwage maji kwenye dramu yenye moto. Chuma kilichopata moto kikipoozwa ghafla kinaweza kupinda au kupasuka.

Kuhusu breki ya mbele, wale waliotuonya utotoni walikuwa wameona ajali, sikatai. Lakini chombo kikifunga breki uzito huhamia mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kukusimamisha. Kinachorusha mtu ni kuikamata ghafla, au kuikamata ukiwa umelala kwenye kona, au juu ya mchanga. Ukiibana taratibu na skuta imenyooka, ndiyo rafiki yako mkubwa kutoka Marangu hadi Himo.

"Zima injini uokoe mafuta"

Madereva wa bodaboda wengi hufanya hivi wakishuka. Kwenye skuta ni hatari tupu: injini ikizimika hata ule msaada mdogo wa kukuzuia unaondoka, na ukihitaji kutoka haraka mbele ya gari huna cha kukutoa. Mafuta unayookoa kwenye kilomita kumi na ushei hayajazi kikombe.

"Wachaga wanakwenda kuhesabiwa"

Nchi nzima husema hivyo Desemba, kwa utani, na wapo wanaoamini kabisa kwamba kuna daftari la ukoo na asiyefika anafutwa. Hakuna daftari. Kuna kihamba, shamba la migomba na kahawa ambalo familia nyingi hurithishana, na ambamo babu na bibi wamezikwa. Kuna wazee wanaotaka kuwaona wajukuu waliozaliwa mjini. Na kwa kuwa ndio wakati pekee wote mko likizo, kila kitu huwekwa hapo: ubatizo, kupeleka posa, harusi, kikao cha ukoo, kuweka msalaba wa kaburi. Wachaga Waislamu nao wapo, na wengi wao huwa nyumbani wiki hiyo hiyo kwa sababu hizo hizo.

Nalisema hili kwa sababu dereva wa skuta akilijua atajua barabara itajaa lini. Tarehe 24 jioni watu hutembea kwa miguu kwenda ibada ya mkesha, wengine na watoto, wengi bila kitu chochote cha kung'aa. Tarehe 25 asubuhi, karibu na kila kanisa, magari huachwa pande zote mbili za barabara na watoto hutokeza katikati yake. Mchana panatulia, watu wako kwenye nyama. Kuanzia saa kumi jioni kila mtu anatoka kwa mtu fulani kwenda kwa mtu mwingine, na wengi hawatoki mikono mitupu wala matumbo makavu. Ongeza madereva wenye magari mapya waliozoea barabara pana za Dar, ambao hawajui kwamba huku anayepanda na mzigo hupewa njia. Mimi jioni hiyo siendeshi. Ziara zangu ni za asubuhi.

"Mbege ni chakula, hailevyi"

Mbege ni ndizi mbivu zilizopikwa, ulezi ulioota ukasagwa, na gome la msesewe linaloipa ule uchungu. Ni nzito, inashibisha, na mgeni akiikataa mwenyeji huumia moyoni. Haya yote ni kweli, na naipenda. Lakini ni pombe. Na kwa kuwa kila nyumba hupika yake, nguvu yake haifanani: ya siku ya kwanza na ya siku ya tatu ni vitu viwili. Kata ya kwa shangazi inaweza kukuacha mzima, ya kwa mjomba ikakuchukua kabla hujafika getini.

Ubaya ni kwamba tumbo lililoshiba hukufanya ujione mzima. Chakula huchelewesha pombe kuingia kwenye damu, hakiizuii. Mtori, kisusio, kahawa kali, kunawa uso kwa maji ya mfereji, hakuna hata kimoja kinachoiharakisha kutoka. Ini hufanya kazi yake kwa mwendo wake, kwa masaa. Na kwenye chombo cha magurudumu mawili, kinachopotea kwanza ni kukadiria kona na kuwahi breki, vitu viwili ambavyo mteremko unavidai kila dakika.

Nimepata namna ya kutoka bila kumvunjia mtu heshima. Nikiingia tu namwambia mwenye nyumba, "Shikamoo shangazi, leo nimekuja na skuta, naomba unifungie ya kwangu kwenye dumu." Hajawahi kukasirika hata mmoja. Wengine hunifungia na ya mke wangu.

"Desemba ni jua tu"

Moshi mjini, ndiyo, joto la kutoa jasho. Juu huko mvua za vuli zinaweza kuwa hazijaisha, na ukungu hushuka migombani bila kubisha hodi. Mvua ya dakika kumi za kwanza ndiyo mbaya zaidi kwenye lami, maana huinua vumbi na mafuta yaliyodondoka. Njia za kuingia vijijini ni udongo mwekundu, ukilowa ni sabuni. Magurudumu ya skuta ni madogo, mengi ya inchi 10 hadi 12, na shimo ambalo pikipiki kubwa hulivuka, yenu litaimeza. Iache kwa jirani aliye karibu na lami utembee. Chukua na koti: ukilowa, upepo wa mwendo utakutetemesha, na vidole vilivyokufa ganzi havibani breki.

"Ni hapo jirani tu, helmeti ya nini"

Utafiti uliojumlisha matokeo kutoka nchi mbalimbali ulionyesha helmeti hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa karibu asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ajali haijali kama unakwenda Rombo au dukani. Na ya abiria ni muhimu vile vile. Binamu yako anayepakiwa nyuma ana kichwa kama chako.

Leseni pia: daraja D la gari halikuruhusu kuendesha skuta. Pikipiki zisizozidi cc 125 zina daraja lake, A1.

Tangu siku ile ya migombani, mdogo wangu hupeleka skuta kwa fundi mwanzoni mwa Desemba, na kabla hajanikabidhi funguo hunipandisha hapo hapo kwenye kilima cha nyumbani nimwonyeshe ninavyobana breki zote mbili. Nikishuka na Hiace ikaanza kunipigia honi nyuma, natafuta penye nafasi pembeni, nasimama, naipisha. Mkono wangu wa kushoto hutumia dakika hiyo kuachia breki, na dramu inapoa.