Kiti cha daraja la biashara hakishuki bei siku ya safari

Wengi Kampala bado wanaamini kwamba ukitaka daraja la biashara kwa bei nafuu kwenda Nairobi, usubiri siku yenyewe uulize kaunta ya uwanja wa ndege wa Entebbe, kwani ndege haiwezi kuruka na viti vitupu. Inaruka navyo, tena mara nyingi.

Shirika hugawa viti vya daraja moja katika mafungu ya bei, kila fungu na herufi yake: J kwa kawaida ni bei kamili, I au Z ni nafuu. Mafungu nafuu hufungwa kwanza. Anayenunua dakika za mwisho aghalabu amelipiwa na ofisi, na kumuuzia rahisi ni kujipunja. Ndege ndogo za jeti aina ya CRJ900 za Uganda Airlines zina viti 12 tu vya daraja hilo. Fungu la chini halichelewi kwisha.

Punguzo hupatikana kwa kununua mapema, kwenda na kurudi, au kukata tiketi ya kawaida kisha kutoa dau, yaani kutaja kiasi utakachoongeza, la kupandishwa daraja, shirika likiruhusu. Kuvaa suti ukitumaini kupandishwa bure hakusaidii. Na kwa safari ya saa moja na ushee, mwenye masanduku mengi apige kwanza hesabu ya ada za mizigo kabla ya kuchagua daraja.