Kabla hujashika tindo: dhana potofu kuhusu maji yanayovuja nyumbani

Bafuni kwangu kuna vigae sita vya rangi tofauti na wenzake, kwa kuwa dukani rangi ile ya zamani ilikuwa imekwisha. Vya awali vilivunjwa siku fundi bomba alipobisha ukuta kwa vidole, akatega sikio, akasema bomba limepasuka humu. Tukachimba mpaka bomba likaonekana: zima, kavu. Maji yalikuwa yakipotelea kwenye kitangi cha choo, hatua mbili kutoka pale tuliposimama, na dawa yake ilikuwa kipande cha mpira.

Simlaumu fundi peke yake, maana tindo nilimpa mimi. Sote wawili tuliamini mambo yanayoaminiwa katika nyumba nyingi hapa Dar es Salaam. Nayaandika hapa pamoja na niliyokuja kuyajua baadaye kwa kuuliza, kwa kusoma mita na kwa kulipa.

"Pangekuwa panavuja, tungeona maji"

Hii ndiyo iliyoniponza. Choo cha kuflashi kinaweza kuvuja usiku na mchana bila tone kuanguka sakafuni. Maji hupenya chini ya mpira uliochakaa ndani ya kitangi, yakateremka kwenye bakuli la choo na kwenda zake karoni, yaani kwenye shimo la majitaka. Au boya limewekwa juu mno, maji yakapanda hadi mdomo wa bomba la kutolea ziada na kutiririkia humo. Husikii kitu, ila labda ule mlio mfupi wa kitangi kujijaza saa nane za usiku, na wote mmelala.

Kulijua hilo hakuhitaji fundi. Koroga bluu ya kufulia kidogo, au rangi ya chakula, mimina ndani ya kitangi, na mtu asiflashi kwa nusu saa. Maji ya kwenye bakuli yakigeuka rangi, kitangi kinavuja. Tazama kwanza urefu wa maji: yakiwa yamefika mdomo wa lile bomba la ziada, shusha boya. Yakiwa chini yake, badilisha mpira.

Wenye karo wana dalili nyingine, ingawa mara nyingi huipa sababu isiyo yake: karo kujaa upesi. Mtu anaita gari la majitaka mara kwa mara, analaumu udongo, analaumu wapangaji wengi, kumbe maji safi yanapita chooni moja kwa moja. Anayalipia yakiingia, anayalipia tena yakinyonywa.

Na bomba la ardhini? Sehemu kubwa ya jiji hili ni mchanga. Bomba likitoboka chini yake, maji huzama na yanaweza yasionekane juu hata siku moja. Wakati mwingine shahidi pekee ni kipande cha majani kinachobaki kibichi mwezi Septemba, uwanja mwingine wote umekauka.

"Bili imepanda, msoma mita amekosea"

Anaweza kukosea, ni binadamu. Lakini kabla hujapanda daladala kwenda kugomba ofisini, nenda kwenye mita. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Kwenye mita nyingi tarakimu nyeusi ni uniti kamili na nyekundu ni vipande vyake, na pembeni kuna kinyota au kigurudumu kidogo kinachozunguka hata maji yakipita kidogo sana. Funga koki zote za nyumba, chuchumaa, ukitazame. Kikizunguka, kuna mahali maji yanakwenda.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu nyumba zetu zina tangi katikati ya mita na koki. Aliyeishi hapa mwishoni mwa mwaka 2022, mto Ruvu unaolilisha jiji maji ulipopungua na mgao wa maji ukawa mkali, hahitaji kuelezwa kwa nini. Maji yanatoka kwenye mita, yanajaza tangi, kisha nyumba inatumia ya kwenye tangi. Mita ikizunguka wakati tangi linajaa, hilo si uvujaji. Na uvujaji wa ndani ya nyumba nao hauonekani kwenye mita papo hapo: tangi hupungua, boya hushuka, ndipo mita huzunguka, pengine saa kadhaa baadaye.

Kwa hiyo igawe nyumba vipande. Subiri tangi lijae, halafu funga koki inayoingiza maji ndani yake. Mita ikiendelea kuzunguka na hakuna koki nyingine inayochota kabla ya tangi, tobo liko kati ya mita na tangi, na njia hiyo kwa kawaida imefukiwa. Ikisimama, njia hiyo ni nzima, hamia upande wa pili. Tumbukiza fito safi ndani ya tangi hadi iguse chini, weka alama pale maji yalipofika, funga koki ya kuingiza na ya kutoa, mlale. Maji yakiwa yamepungua asubuhi, tangi lenyewe linavuja au koki ya kutoa haifungi sawasawa. Yakiwa pale pale, usiku wa pili acha ya kuingiza imefungwa, fungua ya kutoa, na mtu asitumie maji. Yakipungua sasa, nyumba ndiyo inayovuja, na kutoka hapo ni kufunga vikoki vya chini ya sinki na vya nyuma ya choo kimoja kimoja mpaka umpate mwizi wako. Ni usiku wa pili na bado hakuna kigae kilichovunjika.

Ukitaka kujua unavujisha kiasi gani, andika namba za mita saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, tangi likiwa limejaa tangu mwanzo na boya likifanya kazi yake. Zikisogea lita 70 na hakuna aliyechota, hizo ni lita 10 kwa saa, 240 kwa siku, na kwa siku 30 ni uniti 7 na zaidi. Umepata hesabu ya kwenda nayo kwa mwenye nyumba, kama wewe ni mpangaji. Kilicho baada ya mita ni juu ya mwenye nyumba. Kilicho kabla ya mita ni cha mamlaka ya maji, na hicho hakiongezi uniti zako hata kidogo, ingawa kukitolea taarifa ni jambo la kiungwana.

"Ni hewa tu inayozungusha mita"

Hii si uongo mtupu. Maji yanaporudi baada ya mgao, hewa iliyojaa bombani husukumwa mbele, na mita ya kuzunguka haijui kutofautisha hewa na maji. Koki inakohoa, inatema, mita inakimbia. Lakini hewa ikishatoka imetoka. Kama maji yamekuwapo mfululizo tangu jana na kinyota bado kinazunguka ilhali koki zote zimefungwa, hewa haimo.

"Penye unyevu ndipo palipotoboka"

Maji hayana adabu ya kutokea pale yalipoanzia. Hufuata bomba kwa nje, hufuata nondo ndani ya zege, hutambaa chini ya vigae mpaka yapate mwanya. Doa kwenye dari ya sebule linaweza kuwa limeanzia bafuni ghorofani, upande mwingine kabisa. Basi unyevu unakwambia kwamba kuna jambo, usiupe kazi ya kukuonyesha mahali.

Tena si kila unyevu ni wa bomba. Ukuta unaolowa kuanzia chini, kwa urefu unaolingana kutoka kona hadi kona, rangi ikibanduka na unga mweupe wa chumvi ukitokeza, mara nyingi unanyonya maji ya ardhini kwa kuwa msingi haukuwekewa kizuizi cha unyevu au kimeharibika. Utabadilisha mabomba yote na bado utalowa. Unyevu wa bomba kwa kawaida huwa na kitovu: doa moja linalotanuka, lisilojali kama ni masika au kiangazi. Unyevu wa paa hujitokeza na mvua. Na chini ya kiyoyozi, kabla hujamwita mtu yeyote, angalia kile kimrija cha kutolea maji. Kwa joto na unyevunyevu wa pwani, mashine hiyo hukamua maji mengi kutoka hewani, na mrija ukiziba kwa utelezi, yanashuka ukutani.

Jaribio lake ni lile lile la koki. Funga maji ya upande huo kwa siku kadhaa, mkioga na kuflashi kwa ndoo, uzungushie doa mstari wa penseli. Likinywea, ni bomba. Likiendelea kutanuka, mtafute mchawi mwingine, ukianza na bomba la majitaka, ambalo halina presha na huvuja pale tu mtu anapooga au kuflashi.

"Tone si kitu, kaza koki kwa nguvu"

Weka kikombe. Kikombe cha robo lita kikijaa kwa nusu saa, hizo ni lita 12 kwa siku, ndoo 18 kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki unakatiwa bili.

Kukaza ndiko kunakomaliza koki. Koki ya kuzungusha mara nyingi hufunga kwa washa ya mpira inayokalia kiti cha shaba, na ukiikandamiza kila siku mpira hukatika na kiti hulika. Funga maji, fungua kichwa cha koki, badilisha washa, ambayo ni kitu cha bei ndogo sana. Kiti chenyewe kikiwa kimechimbika, washa mpya haitadumu. Zile koki za kisasa za kuzungusha robo tu hazina washa ya namna hiyo. Ndani yake mna visahani vigumu vinavyosuguana, na hapo hubadilishwa kiini chote. Visima vingi vya karibu na bahari hutoa maji ya chumvi, nayo huzila koki za namna zote mbili.

"Zungushia mpira wa tyubu, imekwisha"

Imekwisha kwa leo. Mpira wa tyubu ya baiskeli ni huduma ya kwanza, nami nimeufunga mara nyingi bila aibu. Tatizo ni pale unapofukiwa na kusahauliwa. Maji yakiwepo, tobo hutoa maji nje. Mgao ukianza na presha ikashuka, tobo lile lile laweza kuvuta ndani kilicho nje, na kama bomba limelala kwenye maji machafu au karibu na karo linalovuja, ndicho mtakachokinywa yakirudi. Katika mji unaokijua kipindupindu hilo si la kulifanyia mzaha.

Kila bomba lina dawa yake. Bomba la plastiki la PVC hukatwa na kuungwa kwa gundi yake, pakiwa pakavu, na gundi ipewe muda wa kukauka. PPR, plastiki ya aina nyingine, haikubali gundi hata ya aina gani. Huunganishwa kwa mashine ya joto, kwenye nyuzijoto 260 hivi za Selsiasi, na fundi anayekuja na kopo la gundi kwa bomba la PPR mpe chai, mshukuru, aende. Bomba la chuma lililotoboka kwa kutu sehemu moja mara nyingi limeoza na jirani yake, kwa hiyo badilisha kipande kirefu.

Neno moja kuhusu tredi tepu, ule utepe mwembamba wa kuziba uzi wa bomba: huzungushwa kufuata mkono wa saa ukiwa umeutazama mdomo wa uzi, la sivyo hukunjuka unapokaza. Na kwenye ile mipira inayopinda ya chini ya sinki haihitajiki kabisa, kwa sababu kinachozuia maji pale ni washa ndani ya nati.

"Pampu inajiwasha usiku, imeharibika"

Pengine pampu ni nzima na inakupa habari. Pampu ya kujiwasha husikiliza presha. Presha ikishuka bila mtu kufungua koki, kuna mahali inakotoroka, na uniti za umeme za LUKU zinaondoka pamoja na za maji. Funga koki ya bomba linalotoka kwenye pampu kwenda nyumbani. Pampu ikitulia, tafuta ndani ya nyumba. Ikiendelea kujiwasha, angalia pampu yenyewe na valvu yake ya kuzuia maji yasirudi nyuma.

"Nyumba mpya haivuji"

Inavuja vizuri tu, kama mabomba yalipigiwa plasta bila kupimwa. Kabla ya plasta mfumo hujazwa maji, husukumwa kwa pampu ya mkono yenye geji kupita presha ya kawaida, na huachwa kwa saa kadhaa mshale ukitazamwa. Fundi akikwambia "nimefunga mabomba miaka mingi, haina haja", mwambie ipo. Siku hiyo hiyo piga picha za kuta zote zikiwa wazi, futi ikiwa imenyooshwa kando ya bomba, ili siku ya tindo, ikifika, ujue pa kulielekeza.

Na kama nyumba tayari ina plasta, vigae na watu, nenda leo ukaizungushe koki kuu iliyo baada ya mita. Koki isiyoguswa kwa miaka huganda, na majaribio yote niliyoyaeleza huanzia kwenye koki inayofunga kweli. Kama haizunguki, usiipige wala usiivishe bomba ili kuilazimisha, itakatika shingo na maji yatatoka kwa nguvu zake zote. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kumwitia fundi.