Nafaka kwa ng'ombe: yanayosemwa kuhusu gesi na tumbo, na yaliyo kweli

"Gesi ya ng'ombe hutoka nyuma." Sivyo. Gesi hiyo ni hasa methani, na takriban asilimia 95 yake hutoka mdomoni na puani, ng'ombe anapobeua na kupumua. Hutengenezwa hasa katika tumbo kubwa la kwanza, rumeni, na vijidudu vinavyounganisha haidrojeni na kabonidayoksaidi.

"Nafaka huongeza methani, ndiyo maana tumbo huvimba." Tumbo huvimba kwa sababu gesi imekosa njia ya kutoka; hilo ni tatizo jingine. Nyuzinyuzi za majani zikichachuka huacha haidrojeni nyingi, na hiyo ndiyo malighafi ya methani. Wanga wa mahindi hutoa zaidi asidi ya propioniki, ambayo hutumia haidrojeni hiyohiyo. Kwa hiyo ng'ombe wa malisho hupoteza kama asilimia 6.5 ya nishati ya chakula chake kwa njia ya methani, ilhali wale wa Marekani wanaonenepeshwa kwa nafaka zaidi ya asilimia 90 hupoteza asilimia 3 hivi.

"Basi tumpe nafaka kwa wingi." Hapa ndipo ng'ombe hufa. Aliyezoea majani akivamia gunia la mahindi au unga, bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki huzaana kwa saa chache. pH ya rumeni (kipimo cha tindikali; kadiri inavyoshuka, ndivyo tindikali inavyozidi), ambayo kwa kawaida ni 6 hadi 6.8, ikishuka hadi 5 tumbo husimama, maji ya mwili huvutwa humo, na mnyama huharisha kinyesi chenye harufu ya uchachu. Huyo ni wa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Akipona, kwato zinaweza kumsumbua miezi kadhaa. Tindikali ikiwa ya wastani, dalili hujificha: mafuta ya maziwa hupungua, kinyesi hulainika, kucheua hupungua. Wakati wa mapumziko, angalau nusu ya ng'ombe waliolala wawe wanacheua.

Anza na nusu kilo ya nafaka kwa siku, ongeza nusu kilo kila baada ya siku 3 au 4, na usizidishe kilo 2 kwa mlo mmoja. Majani yatangulie, yakatwe sentimita 3 hadi 5. Yakiwa vumbi hayatafunwi vya kutosha, na kutafuna ndiko kunakoleta mate, zaidi ya lita 100 kwa siku, yanayopunguza makali ya tindikali.

"Punje nzima, unga laini, yote sawa." Punje nzima nyingi hutoka na kinyesi, unga laini huchachuka haraka mno. Mahindi yaparazwe tu.

"Kwa mfugaji mdogo, methani haimhusu." Inamhusu mfukoni, kwani ni chakula kilichopotea. Kadiria gramu 20 za methani kwa kila kilo ya chakula kikavu. Ng'ombe anayekula kilo 10 na kutoa lita 5 za maziwa hutoa gramu 40 kwa lita. Akila kilo 12, nyongeza ya nafaka na mashudu ikiwemo, na kufikisha lita 9, ni gramu 27 kwa lita, ingawa jumla ya siku imepanda kutoka 200 hadi 240. Pale mahindi yanapogombaniwa na ugali, pumba na mashudu yatangulie.